Gauni Lililofunga Mgongo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa cherehani ya mguu, jora la kitambaa cha marekani na gauni moja kuukuu la mgonjwa, nikaambiwa nishone mengine kama hilo. Ilikuwa hospitali moja ya Iringa, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, na mimi nilikuwa kijana wa Mlandege niliyefundishwa ushonaji na mapadre. Nilizoea kushona kanzu na kaptula, nguo ambazo mwenyewe huja kupimwa, akajigeuza mbele ya kioo na kulalamikia mabega. Gauni la hospitali halina mwenyewe. Nililiinua, nikaligeuza, nikaona nyuma liko wazi kutoka shingoni hadi chini, limeshikwa na tepe tu. Nikadhani ni nguo ambayo haijamalizwa.

"Bwana Stoo, hii imeishia nusu," nilimwambia mtunza ghala.

Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Ndivyo ilivyo, Fundi. Imekwisha hiyo."

Matroni wa Iringa, Mwingereza mrefu aliyesema Kiswahili cha amri tupu, ndiye aliyenielekeza. Sitamnyima haki yake, kazi aliijua.

"Hili si gauni la harusi," aliniambia. "Mgonjwa amelala, hawezi kuinuka. Daktari anataka kifua, anataka tumbo, anataka mgongo. Nguo yako isimzuie."

Nikajifunza mambo ambayo fundi wa barazani hayajui. Vifungo havifai, kwa kuwa nguo za wodini huchemshwa kwenye mapipa na kukamuliwa kwa mashine. Kifungo huvunjika, na kipande kilichobaki humchoma anayekilalia. Tepe ndizo zinazofaa, nazo zishonwe kwa msalaba ndani ya mraba ili zisinyofoke. Mkono wa gauni uwe mpana, uweze kupandishwa mpaka begani kwa ajili ya sindano. Mshono wa ubavuni ukunjwe mara mbili na kulazwa, usiache ukingo wa kukwaruza ngozi ya mtu asiyeweza kujigeuza. Yote hayo yalikuwa kwa faida ya mgonjwa, na niliyashika kwa moyo. Lakini swali moja sikulisikia kwa mtu yeyote: huyo mgonjwa akisimama, je?

Iringa swali hilo lilijificha, kwa sababu wanawake waliruhusiwa kujifunga kaniki chini ya gauni. Nilipohamishiwa Mbeya ndipo nilipokutana nalo uso kwa uso. Matroni wa huko, mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kukaripia, aliogopa chawa kuliko alivyoogopa Mungu. Mgonjwa akipokelewa, nguo zake zote zilitiwa kwenye fuko na kufungiwa stoo, kaniki ikiwemo. Akabaki na gauni langu na baridi ya Mbeya ikimpiga mgongoni. Wanaume walitembea wameshika nyuma kwa mkono mmoja, wanaona haya, wanataniana. Wanawake hawakutaniana.

Katika wodi ya wanawake alikuwamo Tusekile, mke wa mkulima mmoja wa milimani huko Rungwe. Alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari Mkuu, Mzungu mpole mwenye haraka siku zote, alimwambia mbele ya aya, mhudumu wa kike wa wodi, kwamba akipasuliwa mapema atapona, na akichelewa hatapona. Tusekile alikubali. Alikuwa na mtoto anayetambaa nyumbani na alitaka kumrudia.

Wakati akisubiri zamu yake, baba mkwe wake, Mzee Mwaisumo, akaletwa hospitali hiyo hiyo. Alikuwa ameanguka akiezeka nyumba, akavunjika mguu. Wagonjwa wa mifupa walilazwa barazani mchana waote jua, na baraza ile ilitazama ua ambao kila mtu wa wodi ya wanawake aliupita, awe anakwenda chooni au chumba cha upasuaji.

Aya wa wodi, Mama Atupele, Mnyakyusa wa makamo, alinijia chumbani kwangu.

"Fundi, Tusekile hali wala hanywi."

"Anaogopa kisu?"

"Kisu gani! Anaogopa kutoka nje. Mkwewe yuko barazani. Wewe Mhehe hujui mambo yetu?"

"Nieleze, mama."

Akanieleza huku amesimama mlangoni. Kwao mke wa mwana haonani na baba mkwe wake. Wakikutana njiani, yeye huacha njia, humpa mgongo na kuchutama mpaka mzee apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na asiyeifanya amemtukana mkwe na ukoo mzima.

"Sasa niambie," akasema. "Akimgeukia, amemtazama mkwewe. Akimpa mgongo, mgongo wenyewe huo uko wazi. Afanyeje?"

Nilichukua marekani nikakata. Nilifanya nyuma iwe na vipande viwili vipana, cha kulia kikipita juu ya cha kushoto mpaka nyongani, kila kimoja na tepe yake ubavuni. Mtu akisimama amefunikwa kote. Akilala ubavu, nesi anavuta tepe moja na mgongo wote uko wazi. Mabegani nilikata mshono nikaweka tepe, ili kifua kifunguliwe bila kumvua mtu. Nilimpima Tusekile kwa macho tu, kupitia mlango wa wodi, nikalipiga pasi, nikalipeleka ofisini.

Daktari Mkuu alilivalisha kiti, akajaribu kulifungua. Mara ya kwanza alivuta tepe isiyo yenyewe. Mara ya pili likafunguka vizuri, akatabasamu.

"Si baya, Fundi. Si baya kabisa."

"Linakula kitambaa," alisema Matroni.

"Ni kweli, linakula kitambaa." Daktari akanirudishia. "Tutaliangalia marekani mpya ikija."

Nikamweleza habari ya Tusekile na mkwewe. Alinisikiliza, nakiri, mpaka mwisho. Kisha akasema hospitali haiwezi kushona nguo kwa mila za kila kabila, na kwamba mgonjwa mwenye akili hachagui nguo mbele ya kifo. Nikamwomba basi yule mzee ahamishwe upande wa pili wa baraza. Matroni akajibu kwamba upande wa pili hauna jua.

Siku ya upasuaji ikafika. Dresa, yaani mfunga vidonda wa siku zile, akamtoa Tusekile kwa miguu yake, kwa kuwa machela ilikuwa na mtu mwingine. Mlangoni alimwona mkwewe. Akaegemeza mgongo ukutani, akajishusha taratibu mpaka akaketi chini, uso ameuficha magotini. Naye Mzee Mwaisumo alipomwona alivuta blanketi akajifunika kichwa.

"Mnibebe!" alipiga kelele humo ndani ya blanketi. "Mniondoe hapa, huyo ni mkwe wangu! Jamani, mnibebe!"

Hakuna aliyembeba. Dresa alimvuta Tusekile mkono, naye akashikilia ukuta. Nilisikia kelele, nikalichukua lile gauni nikatoka mbio uani. Matroni akanisimamisha.

"Hiyo nguo ina chapa?"

Kila nguo ya hospitali ilipigwa chapa ya wino mweusi na Bwana Stoo wa pale Mbeya kabla ya kuingia wodini, isije ikaibwa. Hili halikuwa nayo, kwa kuwa halikukubaliwa.

"Haina, Memsahib. Ajifunike tu avuke ua, nitalirudisha."

"Nguo isiyo na chapa haivaliwi hapa. Rudi kazini kwako."

"Memsahib, ni ua tu."

"Rudi!"

Mama Atupele akavua shuka aliyojitanda apate kumfunika, naye akakaripiwa vilevile: shuka ya nje, chawa. Wakati sisi watatu tunabishana, Tusekile alinyanyuka. Alikwenda pembeni pembeni, mgongo haujaachana na ukuta, mpaka kwenye lango la nyuma. Dresa alidhani anakwenda chooni. Akatoka, akaenda kwa ndugu zake waliokaa mjini, na ndugu wakamrudisha kwao milimani.

Daktari Mkuu alikasirika, akasema watu hawa hawasaidiki. Gari la wagonjwa halikutumwa. Baada ya muda tukapata habari kwamba amekufa, na kwamba mtoto amepewa bibi yake.

Mzee Mwaisumo alikuwa bado na sisi, mguu uko kwenye plasta. Aliniita.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, mzee. Pole sana."

"Ndaga," alinishukuru kwa Kinyakyusa. "Wewe una mkwe?"

"Ninaye."

Akaishika plasta yake kwa mikono miwili. "Amekufa kwa kunistahi mimi. Ningeweza kutambaa, ningetambaa. Sasa nitamwambia nini mwanangu?"

Nilirudi chumbani kwangu, mita ya kupimia ikinining'inia shingoni, nikalikuta lile gauni bado limetundikwa msumarini.

Marekani mpya ilikuja, na hakuna aliyelikumbuka gauni langu. Nikakumbusha mara moja, nikaambiwa nisisumbue. Kisha akalazwa mke wa Mzungu mmoja wa machimbo ya dhahabu upande wa Makongolosi. Alipewa gauni letu, akalitazama mbele na nyuma, akasema hatalivaa. Hakulia, hakujificha ukutani. Alisema tu kwamba hatalivaa.

Matroni alinijia mwenyewe, anatabasamu. "Fundi, lile gauni lako lipo?"

Lilikuwepo, msumarini. Bwana Stoo alilipiga chapa hapo hapo, kwenye pindo. Yule mama akalivaa, akalisifu, ila lilikuwa fupi kwake, kwa kuwa nililikata kwa kimo cha Tusekile. Nikaambiwa niongeze pindo, nikaongeza. Kabla mwezi haujaisha niliagizwa nishone ya wodi zote, na safari hiyo sikusikia mtu akisema kwamba yanakula kitambaa.

Nilishona gauni lile Mbeya, nikarudishwa Iringa nikalishona huko, mpaka macho yakakataa uzi. Ninyi vijana mnaoshona kwa mashine za umeme mkiniuliza kama nalionea fahari, nitawajibu kwamba ni gauni zuri. Linafunika na linafunguka. Nimeona wanawake wakivuka ua nalo, vichwa juu, nikafurahi kwa ajili yao, na furaha hiyo kila mara ilikuja na uchungu.

Siku ya kuagwa kwangu walitandika meza, wakaleta chai na keki. Daktari Mkuu wa wakati huo, kijana wetu, Mwafrika, alisoma hotuba njema. Alisema gauni la Fundi lilizaliwa baada ya malalamiko ya mgonjwa mmoja, na kwamba hivyo ndivyo hospitali inavyowasikiliza wagonjwa wake. Kisha nikaombwa niseme neno. Nilisimama nikasema kwamba mgonjwa huyo hakulalamika, na kwamba jina lake lilikuwa Tusekile.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Wakapiga makofi.