Gari Jekundu Lililokunywa Bwawa

Wiki iliyopita, nikifungua duka langu la fotokopi hapa Migori, simu ililia na picha ikaingia. Rafiki yangu, asubuhi ile wateja walisubiri. Niliketi kizingitini, funguo mkononi, nikaitazama picha mpaka kioo kikazima, nikakigusa kiwake tena. Ni picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Limesimama gari la zimamoto lenye kengele juu ya kibanda cha dereva na ngazi ya mbao ubavuni. Kando yake, mkono mmoja juu ya boneti, nguo imeloa chapachapa, amesimama nyanya yangu.

Sisi ni watu wachache tunaokusanya picha za magari ya zimamoto ya zamani na kutumiana kwa simu. Kuna fundi mstaafu wa Mbita, kuna mwalimu wa Asumbi, na kuna mama mmoja Mkuria, mfanyabiashara wa kule mpakani, ambaye ndiye aliyetuma picha hii. Watu wa nyumbani hutucheka. "Wenzako wanakusanya mashamba," mume wangu husema, "wewe unakusanya magari yaliyokufa." Mimi humwacha acheke. Hakuwepo siku ile.

Nililelewa na nyanya upande wa Rangwe, enzi ambazo kila boma lilikuwa na pamba. Kikifika kiangazi, mikono yetu ilichubuliwa na maganda yake, na usiku tulilala tukisikia panya wakitembea juu ya magunia. Jioni nyumba ilinuka njugu za kukaanga na nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe ambao nyanya aliuacha uchemke mpaka maji yote yaishe. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji kwenye bwawa la ng'ombe, tuliloliita silanga. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nyanya aliyaacha mtungini yatulie, kisha akayachota kwa juu taratibu, kana kwamba anaogopa kuyaamsha.

Nililiona lile gari kwanza Homa Bay, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Tulikuwa tumepeleka magunia yetu, na nyanya alikuwa kwenye foleni ya mizani. Lilikuwa ndani ya banda lake, jekundu kama pilipili iliyoiva, na dereva wake alikuwa akiisugua kengele kwa kitambaa. Sikuwa nimewahi kuona kitu chekundu kikubwa namna ile. Nilimvuta nyanya aje aone. Akalizunguka lote kimya, kisha akamuuliza dereva, "Linabeba maji?"

"Ndiyo, mama. Maji tu."

"Na mtu akiwa na kiu?"

Dereva alicheka mpaka akaangusha kitambaa. Nyanya hakucheka. Njia nzima ya kurudi alikuwa akinung'unika kuhusu gari linalozunguka na maji tumboni na halimpi mtu kunywa.

Moto ulikuja kiangazi hicho hicho. Asubuhi tuliona moshi mwembamba kule mlimani, na wazee wakasema ni mtu anachoma majani ya shamba lake. Mwalimu wetu peke yake ndiye aliyesimama akiutazama muda mrefu. Akapanda baiskeli yake, akaenda posta ya Rangwe kupiga simu kiwandani, na watu wakamcheka: gari litoke Homa Bay lije kuzima nyasi? Mchana upepo wa ziwa ukaamka. Ule moshi mwembamba ukageuka ukuta.

Sijui kama umewahi kusikia sauti ya moto wa nyasi ukiteremka. Unavuma kama mvua ya mawe juu ya mabati, ila mvua hiyo inakujia kwa miguu. Ndege walitupita juu, panya wakatupita chini. Wanawake wakapiga nduru, ule ukemi wetu wa hatari unaotoka boma hadi boma. Jirani yetu alikuwa amejifungua wiki ile ile, wakambeba juu ya kitanda chake, mtoto kifuani, wakavuka naye barabara. Ng'ombe walifunguliwa. Kila mtu alitoka.

Nyanya akaingia ndani na kuketi.

Nilimshika mkono nikamvuta, nikilia. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na ghala letu la nyasi, na kati yetu na moto kulikuwa na shamba moja la mabua makavu. "Nitoke niende wapi?" alisema. "Babu yako amelala kaburini hapo nje. Nimwache na moto?" Mwalimu alikuja, akambembeleza kwa Dholuo na kwa Kiswahili, akashindwa. Akanibeba begani kama gunia, huku nikimpiga ngumi mgongoni.

Tulikuwa barabarani tuliposikia kengele.

Lilitokea kwenye kona likiwa limejaa vumbi, kengele ikilia bila kupumua, na nakuambia, watu wazima walipiga magoti. Dereva hakusimama barabarani. Alikata kupitia ua wetu, akauvunja, akasimama kati ya nyumba na moto. Utingo wake akaruka chini na mpira wa maji. Mwalimu akapiga kelele, "Kuna mama ndani!" Maji yakatoka.

Mimi nilijua maji ya mtungi. Nilijua maji ya kichwani, mazito, yanayomwagika shingoni ukijikwaa. Sikujua kwamba maji yanaweza kusimama. Yalipanda juu kuliko miti, yakajikunja, yakaanguka juu ya paa la nyanya kwa kishindo, na ndani ya yale maji nikaona rangi zote za upinde wa mvua, hapo hapo nyumbani kwetu. Nililowa na sikusogea. Nilisahau hata kulia.

Tangi likaisha. Dereva akarudi nyuma hadi silanga, akatumbukiza mpira mwingine, na lile gari likaanza kunywa. Tuliona maji ya ng'ombe yakishuka, yakishuka, mpaka tope likabaki na samaki aina ya kamongo wakijirusharusha. Moto ulifika kwenye mabua yetu, ukakutana na ardhi iliyoloa, ukatoa moshi mweupe, ukafa.

Ndipo nyanya akatoka, maji yakimchuruzika toka kichwani. Hakumwangalia mtu. Alilikaribia gari, akaweka mkono kwenye boneti kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyezaa salama, akaliambia, "Erokamano." Asante. Karani wa kiwanda, aliyekuwa amekuja na kamera yake, alipiga picha wakati huo. Hatukuiona kamwe. Jioni tulikula kamongo na ugali, dereva akiwa mgeni wa heshima, na watoto wote tuliruhusiwa kugonga ile kengele.

Picha hiyo ilipoingia wiki iliyopita, nilimpigia yule mama wa mpakani. "Umeitoa wapi?"

"Ni ya baba, dada. Yeye ndiye alikuwa dereva. Yuko hapa, anatazama mpira."

Jumapili nilikwenda kwao mpakani. Sasa kiwanda kimefungwa, na gari lile liliuzwa kama vyuma chakavu. Pamba haipo tena kwetu. Silanga ilijaa udongo, mtu amepanda sukuma wiki. Hata nduru imepotea. Siku hizi mtu akipiga ukemi, majirani hutoa simu warekodi.

Nilimkuta mzee sebuleni, mwembamba, blanketi magotini. Nilimwambia mimi ni nani. Nikamwambia kwamba utoto wangu wote niliamini yeye haogopi kitu duniani.

"Kuogopa?" alisema. "Mama, miaka yote ile gari lilikuwa la kuosha uwanja wa kiwanda na kupendeza wageni. Sikuwa nimewahi kuzima hata jiko. Miguu ilitetemeka mpaka nikashindwa kukanyaga klachi. Niliposikia kuna mtu ndani ya nyumba, nikasema basi, tutakufa pamoja na huyo mama."

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Yule mama alifariki lini?"

"Zamani, baba. Mimi nilikuwa tayari nimeolewa. Alifia kitandani, usingizini."

"Kitanda cha wapi?"

"Cha nyumba ile."

"Ile ile niliyoimwagia maji?"

"Ile ile."

Akaufunika uso kwa viganja. Binti yake alisimama kumshika, lakini mzee alikuwa anacheka, machozi yakipita katikati ya vidole. Hata nilipokuwa nimeaga na kufika langoni, nilimsikia bado akimwambia binti yake, "Umesikia? Alizeeka humo humo. Ndani ya nyumba ile ile!"