Fundi Sudi Aenda Kusomea Unesi

Mpaka anatimiza miaka thelathini na saba, Sudi Mbaraka wa Kiegeani alijulikana kwa jambo moja tu, mashine za boti. Mashine ikikohoa, ikizima katikati ya maji au ikila mafuta kupita kiasi, watu walisema mpelekeeni Sudi. Walimfuata kutoka visiwa vya jirani vya Juani na Chole, na wengine walitoka mbali kule Ras Mkumbi na mashine zao begani. Banda lake la makuti lilikuwa nyuma ya nyumba, na mkewe Chiku, mkulima wa mwani, alizoea kufua nguo zenye harufu ya petroli tangu wiki ya kwanza ya ndoa yao.

Kilichombadilisha Sudi ni kidonda cha mama yake.

Bi mkubwa yule alikuwa na ugonjwa wa sukari. Siku moja alikanyaga gamba la chaza ufukweni, akajifunga kitambaa, akanyamaza. Alipokuja kusema, wayo ulikuwa umeshaharibika kiasi cha kutia hofu. Hospitali walimsafisha, wakampa dawa, wakasema mguu utapona ikiwa kidonda kitasafishwa kila siku bila kukosa. Kutembea kwenda zahanati kila siku kwa mguu ule lilikuwa jambo lisilowezekana. Ndipo muuguzi wa zahanati, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole aitwaye Sabra, alipomwita Sudi ndani.

"Una mikono wewe?"

"Ninayo, sista."

"Basi ioshe vizuri, uje nikufundishe."

Sudi akafundishwa kuchemsha maji ya chumvi, kufuta kuanzia katikati kwenda pembeni, kunusa kidonda, kutofautisha usaha na unyevu wa kawaida. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kugusa spana, alikaa kwenye kigoda mbele ya mama yake na kuuweka ule mguu mapajani mwake. Mama alimhadithia habari za watu waliokufa zamani, naye alifuta taratibu. Wiki zikapita. Kidonda kikaanza kujifunga kutoka pembeni, nyama mpya ya rangi ya waridi ikitambaa kidogo kidogo. Sudi alifurahi mpaka akaenda kumwamsha mkewe.

"Chiku! Njoo uone nyama mpya!"

"Wenzangu huamshwa kuoneshwa mwezi wa Idi," Chiku alisema huku akijifunga khanga. "Mimi naamshwa kuoneshwa kidonda."

Lakini alikwenda, akaona, naye akafurahi.

Mguu ukapona. Mama akaenda kwa miguu yake mwenyewe kwenye harusi ya jirani, na Sudi akarudi kwenye mashine zake. Hapo ndipo alipogundua kwamba asubuhi zake zimepwaya. Alifungua kabureta, akaisafisha, akaifunga, na mashine ikanguruma vizuri kama siku zote, lakini moyo wake haukuwa pale. Akaanza kupita zahanati kwa visingizio, leo kichwa kinamgonga, kesho ana kikohozi. Mwisho Sista Sabra akachoka.

"Sudi, wewe huumwi. Sema unataka nini."

Sudi alitazama chini. "Nataka kufanya kazi hii, sista. Lakini najua nimeshachelewa."

Sabra hakucheka, na hilo Sudi hakulisahau. Alimuuliza matokeo yake ya kidato cha nne. Fizikia alikuwa amefaulu, na Kiswahili, na masomo mengine kadhaa. Kemia na baiolojia alianguka vibaya sana.

"Basi hujachelewa," Sabra akasema. "Una mitihani miwili ya kurudia, kisha chuo. Rudi nyumbani ukaongee na mkeo kwanza."

Chiku alikuwa uani akifunga mbegu za mwani kwenye kamba Sudi alipomwambia. Kamba ikamponyoka.

"Unesi? Wewe?"

"Mimi."

"Umwogeshe mtu? Umfute uchafu?"

"Mama si nilimfuta?"

"Mama ni mama, Baba Amal. Hao wengine ni watu wa watu." Kisha akauliza lile hasa lililomkaa rohoni. "Na mimi nibaki na nani, wewe ukiwa bara miaka mitatu?"

Sudi akasema ukweli kwamba hajui. Siku kadhaa nyumba ilikuwa na ukimya wa adabu, chakula kinapakuliwa, salamu zinajibiwa, mazungumzo hakuna. Halafu asubuhi moja Chiku, akiwa palepale uani na kamba zake, akasema bila kumtazama:

"Uliponiposa ulisema utakuwa fundi mpaka uzeeke. Kumbe ulikuwa muongo." Akakaza fundo. "Nenda kasome. Lakini ukilegea, usije kunililia mimi."

Mwalimu wake wa kwanza akawa binti yake. Amal alikuwa anaingia kidato cha nne mwaka ule, na vitabu alivyovihitaji baba ndivyo alivyokuwa navyo yeye. Jioni walikaa mkekani, kitabu kati yao. Baiolojia Sudi aliimeza bila shida, maana kila ukurasa ulimkumbusha ule mguu. Kemia ilimtoa jasho.

"Baba, unakisia," Amal alimwambia. "Kemia haikisiwi. Haya, petroli ikiungua ndani ya mashine inahitaji nini?"

"Hewa."

"Hewa gani?"

"Oksijeni."

"Na moshi unaotoka una nini ndani yake?"

Sudi akafikiri, akataja. Amal akaandika maneno ya baba yake kwa alama za kemia, na Sudi akaona kwamba jambo alilolifanya miaka yote kwa pua na masikio lina maandishi yake. Kuanzia hapo kemia ikamlegezea kidogo. Haikuwa rafiki yake, ila ilimruhusu kupita.

Mwezi wa Novemba baba na binti waliondoka nyumbani pamoja kwenda kwenye mtihani, kila mmoja na kalamu zake. Mlangoni mwa chumba cha watahiniwa wa kujitegemea, msimamizi alimzuia Sudi kwa heshima. "Mzee, wazazi wanasubiri nje." Sudi akamwonesha namba yake ya mtihani. Msimamizi akamtazama usoni, akasogea pembeni, akasema karibu.

Matokeo yalipotoka Amal ndiye aliyeyasoma kwenye simu. Yake yalikuwa mazuri, ya kumpeleka kidato cha tano. Ya baba yake, C ya baiolojia na D ya kemia.

"D inatosha?" Sudi aliuliza.

"Inatosha, baba."

Chiku alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Chuo kilikuwa bara, safari ya boti na kisha basi. Wanafunzi wenzake walikuwa na umri wa Amal, nao wakamwita Baba tangu siku ya kwanza. Aliwasaidia kutengeneza feni ya bweni, wakamsaidia maneno ya Kiingereza yaliyokuwa yakimpita. Masomo ya darasani aliyaweza kwa kukomaa. Kilichomwaibisha kilikuwa kitu ambacho hata mtoto mdogo huweza kukifanya, nacho ni kuhesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono wa mwenzake.

"Mangapi?" aliuliza mwalimu wa vitendo, kijana mmoja makini aitwaye Taufiki.

"Sisikii kitu, mwalimu."

"Husikii kabisa? Basi mwenzako amekufa ameketi."

Darasa likacheka, na Sudi akacheka nao ili asilie. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama ngozi ya kasa, zimeungua na kukatika miaka na miaka. Taufiki alimbakisha baada ya kipindi. Alivishika vile vidole, akavigusa kwa ncha ya kalamu.

"Unasikia?"

"Kwa mbali sana."

"Sasa nipime mimi." Akampa mkono wake. Sudi akabonyeza. "Hapo sasa! Unakaza kama unafunga nati. Mshipa unauziba, mapigo yatapita wapi? Weka vidole tu, kisha ungoje. Usiyatafute, yatakuja yenyewe."

Hayakuja siku ile. Alijaribu kwa wenzake wote, mpaka wakawa wanaficha mikono wakimwona. Yalikuja asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri, akiwa bado ameketi kwenye mkeka wake wa kusalia, vidole vya mkono wa kulia vimelala tu juu ya kifundo cha kushoto. Kitu kikagonga, chepesi, kikagonga tena. Sudi alikaa pale akiuhesabu moyo wake mwenyewe mpaka jua likachomoza, na siku hiyo alichelewa darasani.

Likizo ya kwanza alipofika Kiegeani alikuta mashine zimepangwa nje ya banda lake zikimngoja. Wenyewe walikuwa na uhakika kwamba fundi akirudi atashika spana. Sudi aliwasalimu mmoja mmoja, akawaelekeza kwa fundi mwingine wa Utende, akalifunga banda. Jioni Chiku alimshika mkono, akaugeuza geuza kwenye mwanga.

"Umeanza kulainika," alisema. "Mtu akinishika hivi gizani nitapiga kelele, nitadhani si mume wangu."

Alihitimu akiwa na miaka arobaini na moja, muuguzi na mkunga mwenye leseni. Ajira yake ikaangukia Juani, visiwa viwili tu kutoka kwao, pahali ambapo kila mwenye boti alimjua kwa jina. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Wanaume walimjia bila wasiwasi, na miiba yao ya samaki taa na mikato ya ndoana. Wanawake walifika mlangoni, wakachungulia, wakamwona Fundi Sudi kavaa nguo nyeupe, wakaulizia muuguzi wa kike. Sudi hakuchukia. Alimwita muuguzi mwenzake wa kike, yeye akatoka kupanga dawa. Alijua akilazimisha, kesho wasingekuja kabisa.

Mambo yakabaki hivyo hadi yule mwenzake alipokwenda likizo ya uzazi. Mchana mmoja, mganga wa zahanati akiwa semina Kilindoni, akaletwa Shamsa, mke wa mvuvi mmoja, uchungu umekolea. Mbele yake alitangulia mama mkwe wake, Bi Kijakazi, mwanamke mfupi ambaye kijiji kizima kilimwogopa.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Yuko wapi mwanamke?"

"Yuko likizo. Leo niko mimi."

"Mwanamume hapana," alisema Bi Kijakazi. "Tupe boti tuvuke twende hospitali."

"Boti nitaitafuta sasa hivi ukitaka. Lakini niruhusu kwanza nimsikilize mtoto, tujue kama safari anaiweza. Wewe simama hapa kichwani pake, usitoke. Nitamfunika shuka, na kila ninapotaka kugusa nitakwambia kwanza. Ukisema acha, naacha."

Bi Kijakazi alimtazama mkwewe, ambaye alikuwa ameng'ang'ania chuma cha kitanda.

"Mwache anipime, mama," Shamsa alisema kwa shida. "Mimi boti siiwezi."

Sudi akaweka kipembe cha kusikilizia juu ya tumbo, akainamisha sikio. Moyo wa mtoto ulikuwa mzuri. Akaomba ruhusa, akapima njia ya uzazi, akainuka. "Bi mkubwa, tukivuka sasa mjukuu wako atazaliwa kati ya maji. Hapa ni salama zaidi."

Bi Kijakazi alivuta pumzi. "Fanya kazi yako," alisema. "Nakuangalia."

Na kweli alimwangalia. Sudi alifanya kila kitu kwa sauti, kama alivyoahidi. Sasa nagusa hapa, sasa sukuma, sasa pumzika, usisukume, pumua tu. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza bila mwalimu nyuma yake. Lakini mikono ilitulia. Kichwa kikatoka, kisha bega, kisha mtoto mzima, akalia kabla hajafutwa. Msichana. Sudi akamlaza kifuani pa mama yake, akamchoma Shamsa sindano ya kuzuia damu, akangoja kondo la nyuma, akalikagua mara mbili. Lilikuwa zima.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Kijakazi. Machozi yalikuwa yakimtiririka naye hakuyafuta. "Umemsitiri mwanangu. Mungu akusitiri na wewe."

Nje, wanawake waliokuja kusubiri habari walimsikia akitangaza. Alieleza yote, Shamsa alivyofunikwa shuka na ruhusa ilivyoombwa, na kila alipohadithia upya ruhusa zikazidi kuwa nyingi. Juma lile lile mama mmoja akaja kupima ujauzito, hakuuliza muuguzi wa kike. Mwingine akafuata, kisha wakaja wawili pamoja.

Hayo yalikuja baadaye; kabla ya kuwaruhusu Shamsa na bintiye kwenda nyumbani, Sudi alimpa mtoto matone ya polio, kisha akaandaa sindano ya chanjo ya kifua kikuu. Bi Kijakazi alimshikilia mjukuu kwa fahari. Sindano ilipoingia begani, mtoto akapiga ukelele wa kuezua paa.

"Wewe fundi!" Bi Kijakazi alimvuta mtoto kifuani. "Yaani umtoe salama kwa mikono yako, kisha umdunge hivi?"

"Samahani, bi mkubwa."

"Usiniombe samahani mimi, muombe mwenyewe."

Sudi akainama, akamwomba radhi yule mtoto mwekundu kwa hasira, na chumba kizima kikacheka.