Madoa ya Jua na Nukta Zangu

Miaka thelathini na mmoja, kila saa sita mchana, mke wangu huacha cherehani akapanda juu ya paa na darubini yake. Jua halitazami moja kwa moja, hajachoka kuona. Hulielekezea darubini, nalo likashuka lenyewe kwenye karatasi, duara jeupe linalotetemeka kama maziwa bakulini. Madoa ya jua huyachora kwa penseli, huyahesabu, na mwisho wa mwezi hutuma karatasi kwa chama cha taifa cha wanafalaki, chama cha maprofesa na watu wa kawaida kama yeye.

Majirani humwita Mnajimu, wanakuja kusafishiwa nyota. "Mimi na jua tu," huwajibu, "nalo lina madoa, hata sijaweza kulifua!"

Mimi ni kinyozi, mambo ya mbinguni siyajui. Ila nikimshikia mwavuli kuitia karatasi kivuli, mji wote hunyamaza, naona kama tumeketi ndani ya lile duara. Niliogopa kitu kimoja tu: siku chama kitakapomwambia basi.

Mwaka jana akaanza kuruka madoa madogo. Hata uzi wa sindano akawa ananiomba nimtungie. Wahenga walimsema mficha maradhi. Sisi tulikuwa wawili tunayaficha. Kabla ya kufunga bahasha, nikawa naongeza nukta alizoziruka.

Juzi ikaja barua. "Nisomee, baba watoto, miwani sijui nimeiweka wapi." Miwani ilikuwa kichwani kwake.

Nikasoma: "Mama, karatasi zako sasa zina mikono miwili. Anayeongeza nukta aache. Macho yako tunayajua. Kila mwaka tunayalinganisha na ya wenzako, na yanachokosa tunakijazia kwa hesabu. Doa lisilo lako ndilo linalotuharibia. Tuchoree unachokiona wewe, hata kikiwa kidogo."

Loo! Nilitaka kutengeneza, kumbe nabomoa. Nikamwomba radhi, sauti inanikatika.

"Ulidhani sijui?" akasema. "Unakandamiza penseli mpaka nukta zinapapasika kwa kidole. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa wasije wakaniambia basi."

"Hata mimi, mama watoto."

Akanifuta machozi kwa kitambaa alichokuwa akikishona, kisha akatazama kivuli cha mlangoni. "Saa sita hiyo. Chukua mwavuli. Penseli nipe mimi."

Juu ya paa akachora, akahesabu polepole: matatu. Mimi niliyaona saba. Akaniuliza ni mangapi, nikamwambia matatu.