Foleni ya Magunzi

Mzee Anyosisye wa Ruanda, kule Mbozi, amelima kahawa tangu hajaota ndevu, na hakuna ugonjwa wa mibuni uliowahi kumpigisha magoti. Waliokaribia kumshinda ni watoto wawili wa Tunduma, tena kwa siku tatu tu.

Walikuwa wajukuu zake: Brian wa miaka minane, na Nesta wa miaka sita, aliyerithi jina la marehemu bibi yake. Likizo ya Juni ilipofika, mama yao Jenista, anayeuza vitenge karibu na mpaka wa Zambia, hakuwa na pa kuwaweka ila chumba cha nyuma ya duka, wakodolee macho televisheni kutwa. Mzee akaomba aletewe. Jenista akasita. Marehemu mama yake angekuwepo, sawa. Lakini baba peke yake, na mavuno haya? Mwishowe wakakubaliana: atawaleta Jumatano, atarudi Jumamosi. Akikuta wamechoka, anaondoka nao. Wakipenda, wanamaliza mwezi.

Mwezi mzima! Nyumba ile ilikuwa na miaka miwili haijasikia mtoto akigombea kijiko.

Jumatano ilipita kwa kushangaa ng'ombe. Alhamisi ukungu ukashuka, ng'ombe wakazoeleka, na Brian akakaa kizingitini ndani ya sweta lake, akaitazama barabara ya vumbi kwa muda mrefu, kisha akatoa hukumu.

"Babu, huku hakuna hata lori."

Ndugu zangu, mtoto wa Tunduma huyo. Amekua akiona malori yamepanga foleni hadi macho yanachoka. Kwake, mahali pasipo na lori bado hapajafunguliwa.

Mzee akajaribu. Akawatolea hadithi ya sungura na fisi. Nesta akaimaliza kabla yake, maana mwalimu alishawasimulia. Akawafungia mpira wa makaratasi. Ukatumbukia kwenye karo la kuoshea kahawa, ukafumuka. Mchana Nesta akauliza Jumamosi ni lini. Jioni akauliza tena. Mzee alimjibu kwa upole mara zote mbili.

Ijumaa akawapelekea vibarua uji shambani, nyuma ya nyumba tu, akawaachia watoto kazi moja: kufukuza kuku wasisogelee kahawa inayoanikwa. Aliporudi, kuku walikuwa wamefukuzwa kweli. Lakini uani palikuwa na magunzi ya mahindi, zaidi ya thelathini, yamepangwa mstari kutoka kwenye vichanja vya kuanikia hadi mlango wa jiko, kila gunzi limefungiwa jani la mgomba, na kila jani limebeba kahawa. Yaliyokwisha kushusha mzigo yalikuwa yamemwaga lundo kubwa juu ya turubai.

Lundo hilo ndilo lililomsimamisha mzee. Kichanja kimoja kilikuwa na kahawa safi, nyeupe, iliyomenywa na kuoshwa. Kingine kilikuwa na buni, zile zilizokaushwa pamoja na maganda yake mpaka zikawa nyeusi. Vitu hivi haviwekwi hata karibu. Vikichanganyika, chama cha ushirika hakipokei. Kila mtoto wa Mbozi anajua hivyo kabla ya kujua kuhesabu. Wa Tunduma anajua kwamba mzigo ni mzigo.

Maneno makali yalimfika kwenye ulimi. Akamwona Nesta anajibanza nyuma ya kaka yake. Akakumbuka kesho ni siku gani. Akayameza, akavuta kigoda, akaketi.

"Foleni hii inasubiri nini?"

Brian akamwangalia kama mtu anayepima mtego. "Afisa hapitishi. Hana muhuri."

"Afisa ni nani?"

Brian akamwonyesha Nesta kwa kidole.

Mzee akaingia jikoni, akatoka na kiazi na kisu. Akakikata katikati, akachonga duara lenye mstari ndani yake, kama punje ya kahawa, akakichovya kwenye mkaa uliopondwa na maji. Akamkabidhi Nesta kwa mikono miwili.

"Bibi Afisa, mimi ni dereva. Mzigo wangu umechanganyika. Nyeupe zinakwenda Zambia, nyeusi zinarudi Mbeya. Ukiona sawa, nipitishie."

Nesta akalitazama lundo, akautazama muhuri. "Haupiti," akasema. "Mpaka tukague."

Wakakagua na kutenga punje kwa punje, mpaka jua likapungua. Dereva alipojaribu kuharakisha aliambiwa arudi nyuma ya foleni, wenzake wote wanasubiri. Brian alikamata buni moja ndani ya nyeupe, akaipeleka mbele ya afisa akidai ilikuwa inavuka kwa magendo. Siku hiyo hakuna aliyeuliza Jumamosi ni lini.

Nayo ikaja. Jenista alishuka kwenye bodaboda akakuta kamba ya mgomba imekingamishwa njiani, na binti yake amesimama kwa uso wa kazi. Alipigwa muhuri mgongoni mwa kiganja ndipo akaingia. Baba yake akamweleza yote, hata ya buni, hakuficha. Jenista akatikisa kichwa, kisha akawageukia watoto, kikapu cha kufungashia nguo zao kikiwa bado mkononi.

"Haya, nani anarudi nyumbani?"

Mzee akageukia kichanja, akaanza kupindua kahawa aliyokuwa ameipindua sasa hivi.

"Mama, kwanza wewe utatokaje?" akauliza Nesta. "Hatuna muhuri wa kutoka. Tuna wa kuingia tu."

"Na nyie je?"

"Sisi tuko kazini," akasema Brian, akainama kunyoosha gunzi lililotoka kwenye mstari.

Jenista akacheka mpaka akakaa chini, na kikapu akakiweka kando, kitupu. Mzee akaingia jikoni kutafuta kiazi kingine, achonge muhuri wa kutokea, wa mtu mmoja.