Kompyuta Yangu Ilikuwa na Kikohozi

Ndugu msomaji, nimekosa, na sitaki mtu anibembeleze. Mimi ni mzee wa Ziwani, hapa Nairobi. Shule niliiacha darasa la tatu, na kila kitu nilicho nacho nimekitafuta kwa mikono hii. Kwa hivyo hata ujinga huu ni wa mikono hii. Hakuna aliyenishauri.

Nilianza kwa kutengeneza baiskeli, baadaye nikafungua chumba cha gemu, mashine mbili za kuchezwa kwa sarafu. Jumamosi mchana kilikuwa kinajaa. Halafu jamaa mmoja wa mtaa wa Buruburu akaleta mashine inayoongea. Kompyuta yenyewe inakutisha kwa Kizungu ukiwa unacheza. Chumba changu kikabaki na mimi na nzi.

Mashine zangu zilikuwa bubu. Zilijua pii pii tu.

Sasa sikia nilichofanya. Kuna mama anaitwa Akinyi, alikuwa akiuza mitumba sokoni Gikomba. Huyo ana koo saba. Anaita wateja kwa sauti ya pasta anayehubiri, akichoka anageuka chifu, halafu mtoto anayelilia maziwa, na watu wanaacha safari zao wanakuja kucheka. Nikamwambia, "Akinyi, njoo uwe kompyuta."

"Kompyuta inakula nini, mzee?"

"Chai na mandazi, na mshahara kila Jumamosi."

"Basi mimi ni kompyuta tangu nizaliwe."

Nikasukuma mashine moja mpaka kwenye ukuta wa mbao. Nyuma ya ukuta ni stoo, na ndani ya stoo nikamweka Akinyi na stuli. Nikatoboa tundu la jicho. Nikaning'iniza kioo cha kinyozi juu ya kichwa cha mchezaji, ili Akinyi akichungulia aone skrini. Nikampa mkebe wa mafuta ya kupikia uliokatwa tako, aongelee humo, sauti itoke kama ya chuma.

Gemu yenyewe ilikuwa ya vidudu vinavyoshuka kwa mistari, na wewe uko chini unavipiga. Akinyi akavigeuza askari wa kanjo, wale wa jiji wanaofukuza wachuuzi. Wewe wa chini ukawa mama mboga. "Kanjo hao, mama! Beba sukuma wiki! Huyo wa mwisho anataka nyanya zako. Na wewe wa shati la kijani, hiyo mikono ni ya kukamua ng'ombe, si ya kutoroka askari."

Huyo wa shati la kijani akanigeukia. "Mzee, imejuaje shati langu?"

"Ni ya kisasa," nikasema.

Wiki chache tu, hata watu wa Buruburu wakawa wanakuja kwa miguu. Waliniuliza hiyo kompyuta ilijifunza Kiswahili wapi. Nikatunisha kifua. "Niliifundisha mwenyewe."

Darasa la tatu, ndugu msomaji.

Siku moja tukinywa chai kule stoo Akinyi akaniambia, "Mzee, wacha nitoke mara moja niwasalimie. Watu wanasifu mbao."

"Ukitoka umeharibu biashara."

"Lakini mimi nina jina."

"Wewe ni sauti tu, Akinyi. Sauti zimejaa Gikomba."

Alimaliza chai, akaosha kikombe, akarudi kwenye stuli yake. Mpaka leo hayo maneno yananichoma kuliko yote.

Jumamosi iliyofuata mama yake akafika kutoka Nyanza. Majirani walimwambia binti yake yuko kwa mzee wa gemu, kwa hivyo akaingia akakaa kwenye benchi, kikapu mapajani. Akinyi alikuwa na mafua. Katikati ya mchezo, kompyuta ikakohoa.

Mama akasimama. "Huyo ni Akinyi wangu."

Nikacheka, nikawaangalia watu. "Mama, hiyo ni kompyuta. Imetoka ng'ambo."

"Ng'ambo wanakohoa hivyo? Hicho kikohozi nimekipaka dawa tangu akinyonya."

"Umechoka na safari, mama. Hapa hakuna Akinyi. Mimi simjui."

Nilisema simjui. Mbele ya mama aliyemzaa, na yeye mwenyewe anasikia kutoka nyuma ya ubao.

Mkebe ukaongea. Haukuwa kanjo wala chifu. Ilikuwa sauti ya Akinyi mwenyewe, ambayo wengi pale hawakuwahi kuisikia. "Mama, niko huku nyuma ya mbao. Huyu mzee ananijua, tunakunywa chai pamoja. Na hii mashine haijui kuongea. Yeye mwenyewe hajui hata kuiwasha, anaipiga teke."

Akatoka stoo na utando wa buibui kwenye kitambaa cha kichwa. Akanikabidhi mkebe, akamshika mama yake mkono, wakaenda.

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa sakafuni. Kisha nao wakaondoka, na hawakurudi. Mashine nimezifunika shuka. Jina langu nalo limekwisha, Ziwani nzima wananiita Kompyuta. Nikikohoa kanisani, kwaya inayumba kwa kicheko.

Akinyi alichukuliwa na yule jamaa wa Buruburu. Jamaa alipunguza ile sauti ya Kizungu ya mashine yake, akamweka Akinyi kwenye kiti mbele ya watu, jina lake likapakwa rangi mlangoni. Kumbe ile mashine yake inasema maneno yale yale sita kutwa nzima. Haioni shati la mtu.

Juzi nikavaa koti nikaenda. Nilisimama nyuma, lakini Akinyi ana macho. Akaita kwa sauti ya kanjo, "Kuna mzee wa koti ameingia bila leseni. Mzee, sauti hii ni ya nani?"

"Ni ya Akinyi."

"Ongeza sauti. Mama bado hajarudi nyumbani, yuko pale kwenye benchi."

Nikavua kofia. "Ni ya Akinyi, mama. Nilimjua. Nilidanganya."

Yule mama akanipima kutoka viatu mpaka kichwa. "Mpeni kiti," akasema. "Lakini asiguse kitu."

Nilikaa, na sikugusa kitu.

Wewe unayesoma haya, kama nyuma ya mbao zako kuna mtu anayekufanya uonekane mjanja, mtoe leo. Taja jina lake kwa kinywa chako, watu wakisikia. Usingoje mpaka mama yake ateremke kwenye basi na kikapu chake.