Maestro wa Viti

Hamzah wa Wawi, mwalimu wetu wa dansi ya salsa, hataki kuitwa Maalim kama walimu wenzake. Eti yeye Maestro. Salsa yenyewe kaiokota kwenye simu, lakini anajigamba kuwa wanawake wa Mombasa walikuwa wakigombania kucheza naye. Hapa Gombani anatufundisha wanaume peke yetu, kila mmoja kakumbatia kiti cha plastiki. "Huyo mkeo, mwongoze!" hufoka, na ukikosea anakuita gogo. Mimi kaniita gogo mbele ya shemeji yangu.

Juzi hoteli moja ikamwalika awachezeshe wageni, nasi tukaenda kumtazama. Mama mmoja wa Kizungu akamnyooshea mkono. Maestro akatoa macho kama kaona jini, akamkanyaga, akamwomba radhi, akamkanyaga tena. Yule mama akaondoka akichechemea.

Nikamsogezea kiti. "Maestro, mkeo huyu hapa."