Mahindi ya Nyanya na Ghala la Serikali

Kaburu tuliyeishi kwenye shamba lake, upande wa Soy, hakutuchukia sisi. Alichukia mahindi yetu. Nasema hivyo kwa sababu watu alikuwa akiwachapa karibu kila siku bila hata kukunja uso, lakini akiyaona mahindi ya nyanya yangu, shingo ilimwiva akashindwa kusema.

Yake yalikuwa meupe, marefu, ya kuuzwa kama mbegu kwa masetla wenzake. Ikionekana punje moja ya rangi kwenye gunia, gunia lote lilikataliwa. Yetu yalikuwa ya zambarau na manjano, mafupi, magumu, na hayakuogopa baridi ya Uasin Gishu. Tulikuwa tunakula wakati yake bado yanaota ndevu. Nyanya aliyaleta kutoka kwao magharibi, ndani ya kikapu, alipomfuata babu aliyekuja kutafuta kibarua. Babu alikufa, mahindi yakabaki. Na yakitoa mbelewele, ule unga wake ulipeperuka hadi kwa Kaburu. Sisi wanaume wetu walivaa kipande shingoni ili waonyeshe askari wanakokwenda. Upepo hakuna aliyeuvisha kipande.

Mbegu ilikuwa ya nyanya peke yake. Aliifunga kwa maganda yake, suke kwa suke, akaitundika juu ya meko, moshi ukaipaka weusi hadi mdudu akaikimbia. Baba yangu, mwenye nyumba, hakuruhusiwa kuigusa. Niliwahi kumwona nyanya akimpiga vidole kwa mwiko, mtu mzima mwenye watoto, kwa kunyoosha mkono tu kule juu.

Siku moja, mvua ikiwa bado, alikuja bwana shamba. Alikuwa kijana mweusi mwenye kaptula ya kaki, aliyefundishwa na Serikali, akaajiriwa kwenye kituo chao cha kilimo nje kidogo ya Sisibo, ndivyo tulivyoita Eldoret. Alisema Serikali inakusanya mahindi ya zamani, ya kila aina, iyaweke ghalani. Nyanya alimkaribisha vizuri. Akamfungia masuke mazuri kwenye kitambaa, bwana shamba akashukuru, akapanda baiskeli yake akaenda.

Kilichofuata hakingetokea kwa watu wengine, ila kwa watu wenye adabu kama yetu. Kwetu mgeni hapewi kibichi. Kibichi anapewa mkusanya kodi, au mtu unayetaka asirudi. Mgeni unampikia, na kama ana safari, unampa mahindi yaliyochemshwa yakaanikwa juani, apate cha kutafuna njiani. Nyanya alimpa hayo. Wanawake wengine wa shamba lile walimpa hayo hayo. Serikali ikapanda kitalu kizima cha mahindi yaliyoiva chunguni.

Alirudi mvua ikiwa imeshika, sisi tumekwisha kupanda. Mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka na jicho moja limefunga.

"Mama, ile mahindi ilioza yote," alisema. "Hakuna hata moja iliota. Mkubwa wangu alinipiga mbele ya watu, akasema nimemletea takataka."

"Sasa mwanangu, ungesema unataka ya kupanda," nyanya akamwambia. "Wewe ulisema Serikali inataka mahindi. Mimi nikajua ina njaa."

Mama yangu alicheka hadi akashika ukuta. Bwana shamba hakucheka. Aliketi akaeleza tena, polepole. Huko ghalani mbegu zitawekwa kwenye makopo, nyingine zitapelekwa Nairobi, na kila baada ya muda zitapandwa kidogo zisife. Yakipotea huku, yatakuwa kule.

"Nani atayapoteza?" nyanya akauliza.

Kijana aliangalia upande wa mahindi meupe ya Kaburu. Nyanya naye akaangalia huko huko. Kisha akapanda juu ya kigoda, akashusha masuke mawili meusi kwa moshi, akampa. Mama aliacha kucheka. Alisema nyanya amempa mbwa nyama amlindie. Nyanya alimwambia afunge mdomo.

Mwezi wa saba mahindi yetu yalitoa mbelewele, na Kaburu akatuma watu.

Walikuja asubuhi, nyapara mbele, wengine nyuma na mapanga. Walikuwa watu wetu, wengine tulisali nao kanisa moja. Walianzia chini ya shamba wakapanda nalo, wakikata mabua kwenye goti. Baba alimshika nyapara shati, akauliza kama ana mama. Walimwangusha, wakamfunga kwenye gurudumu la mkokoteni, na Kaburu mwenyewe akateremka farasini na kiboko chake cha ngozi ya kifaru. Nilihesabu mwanzo, halafu nikaacha, kwa sababu baba alikuwa ameacha kulia na hilo lilinitisha zaidi.

Nyanya hakwenda shambani. Alisimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, kwa kuwa alijua watakuja huko pia. Nyapara alimwambia, "Mama Mzee, toka. Ni amri, mbegu yote ichomwe." Nyanya alimpiga mwiko usoni, damu ikamtoka puani. Sitasahau furaha niliyoisikia. Ilidumu kidogo tu, kwani nyapara aliinua rungu, na mkono wa nyanya ukavunjika juu ya kiwiko na sauti ya kuni kavu. Wakachoma jiko. Masuke yale makavu yalipasukapasuka kule juu, punje zikirukaruka motoni, na nyanya ameketi kwenye tope ameshika mkono wake, akiangalia hizo punje, si mkono.

Tulifukuzwa siku hiyo hiyo. Tulihamia Sisibo, lokesheni, mtaa wa watu weusi, kwa ndugu wa mama, chumba kimoja. Mkono wa nyanya uliunga vibaya, ukapinda. Hakuulalamikia. Alichouliza kila asubuhi ni kama mama amekwenda kwa yule bwana shamba. Ndugu yetu mmoja kule kwao nyanya, magharibi, alikuwa ameahidi kutupa kipande cha kulima mwaka unaofuata, na nyanya alitaka kukipanda mahindi yake kabla hajafa. Hakutaka mengine.

Mama alikwenda, nami nikamsindikiza. Bwana shamba alitupeleka kwenye waya wa kituo, akatuonyesha. Yalikuwepo. Mistari miwili mifupi, mabua mekundu chini, yetu kabisa. Mama alishika waya, akalia kwa hasira.

"Nipe," akasema.

"Mama, si yangu. Mbegu ikitoka hapa lazima mtu alete barua ya bwana wa shamba lake."

"Bwana gani? Yule alitufunga baba ya watoto kwa gurudumu?"

Mama alimzaba kofi, palepale kwenye mdomo uliokuwa na kovu. Kijana alifuta damu kwa kiganja, akatazama nyuma kama kuna aliyeona. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ngoja ikauke, Mama. Ikikauka ndio watavuna wapeleke Nairobi. Mimi ndiye navuna. Nitaficha suke moja ndani ya shati nikuletee. Ngoja tu."

Nyanya alipoambiwa alisema, "Basi tungoje." Aliamini. Mama hakuamini. Usimlaumu haraka: kila mtu wa Serikali aliyewahi kutuambia tungoje, tulimngoja hadi tukapigwa. Alianza kusema kwamba kijana anatudanganya, kwamba yatavunwa kimya kimya, na sisi tutaonyeshwa mabua. Alisema hivyo asubuhi na jioni. Hakulala vizuri. Mgongo wa baba ulikuwa bado unatoa usaha, na yeye ndiye aliyeuosha.

Kisha mchana mmoja alitoka peke yake, akarudi kanga imechanika na paja limeng'olewa nyama na mbwa wa kituo. Alikuwa amepita chini ya waya. Askari wa kituo alimpiga fimbo mgongoni hadi alipopenya tena chini ya waya, lakini hakuachia alichobeba. Alifungua kanga miguuni mwa nyanya, damu ikimchuruzika hadi kisigino, akicheka na kulia pamoja. "Mama, hii hapa. Nimekuletea. Hawatatuchezea tena."

Yalikuwa masuke saba au manane, bado kwenye maganda mabichi.

Nyanya alimenya moja kwa mkono mzima, akilibana kwa magoti. Punje zilikuwa zimejipanga vizuri, zambarau imeanza kuingia kwenye ncha. Akaweka ukucha kwenye punje, akabonyeza. Yakaruka maziwa. Akamenya la pili, na la tatu. Yote yalikuwa maziwa; hakuna punje ambayo ingeota.

Wakati huo mtoto wa jirani aliingia mbio akatuambia kwamba bwana shamba amefukuzwa kazi sasa hivi; askari amesema ndiye aliyemwonyesha yule mwanamke mahali pa kupita. Walikuwa wakimpiga barabarani. Mahindi yaliyobaki kwenye mistari ile, mzungu mkubwa wa kituo ameweka askari wa kuyalinda hadi yakauke yapelekwe Nairobi.

Nyanya aliinuka taratibu, akajishikiza ukutani. Maisha yangu yote sikuwa nimemwona akimwinulia mama yangu mkono. Mama alikuwa mke wa mwanawe, na nyanya alimheshimu. Alimpiga sasa, kwa ule mkono mzima uliolowa maziwa ya mahindi, akampiga usoni tena na tena hadi akachoka. Mama alisimama pale pale, mikono chini, hakujikinga.